Hiyo Dimu Yako Ni ya Nani?

Wacha nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Tangu niache chuo na kurudi Isiolo, mimi ndiye huendesha Probox ya mjomba wangu jioni. Ni gari la zamani, rangi imechoka, viti vimechoka, na mwaka jana balbu moja ya mbele iliungua. Badala ya kununua balbu kama ile iliyotoka, nilinunua LED mbili, zile nyeupe zinazokaribia bluu. Usiku wa kwanza nilipita nazo Bulla Pesa watu wakageuka kutazama. Nikajiona nimefika, bana.

Usiku wa tatu nilikuwa natoka Archer's Post. Mbele yangu ikaja boda, jamaa amebeba mitungi ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa nimeweka dimu, naapa. Lakini nilimwona akiinua mkono kufunika macho, boda ikayumba, ikatoka kwenye lami na kulala kwenye changarawe. Nilisimama. Alikuwa mzima, ila goti limechunika na maziwa yote yamemwagika. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ndugu yangu, hiyo dimu yako ni ya nani?"

Maziwa nililipa. Swali lake sikuwa na jibu, na ndiyo maana naandika leo. Msimamo wangu ni huu: sisi vijana tuache kuweka LED kwenye taa za magari ya zamani ambazo hazikutengenezewa LED. Tununue balbu inayofaa gari, halafu tutengeneze kile ambacho kweli kinaleta giza.

Kesho yake nilienda kwa fundi wa waya, mzee ambaye amefungua taa za magari tangu sijazaliwa. Alinionyesha balbu ya kawaida ya Probox, ile inayoitwa H4. Ndani yake kuna nyuzi mbili nyembamba: moja ya wati 60 kwa fulu, nyingine ya wati 55 kwa dimu. Chini ya ule uzi wa dimu kuna kijikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipande juu kwenye macho ya anayekuja. Kile kioo cha ndani, rifleta, kimepimwa kufuata nyuzi hizo, mahali pake kabisa. Ukichomeka LED yenye vipande vya mwanga vilivyokaa tofauti, hata kwa milimita chache, rifleta inatawanya mwanga kila upande. Wewe unaona weupe karibu na boneti unadhani unaona mbali. Anayekuja haoni kitu.

Sasa piga hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Ukimpofusha mtu kwa sekunde mbili tu, ametembea zaidi ya mita 40 bila macho. Kwenye barabara yetu, mita 40 zinatosha kuwa na mama na punda wake, mchungaji na mbuzi wake, au lori lililokufa bila alama yoyote.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu hata mimi nilisema hivyo hivyo. "Huku si Nairobi. Ukishapita mji hakuna taa ya barabarani. Ngamia akivuka ghafla, hiyo balbu ya manjano itanisaidia nini?" Ni swali la haki. Lakini mara nyingi shida si balbu. Shida ni uzee wa gari, na uzee hautibiwi kwa weupe.

Anza na kioo cha nje. Kwenye magari mengi ni plastiki, na jua letu limeipika hadi ikawa na ukungu wa manjano. Ukiweka balbu mpya nyuma ya ukungu ni kama kuwasha tochi ndani ya gunia. Isuguliwe kwa msasa laini wenye maji, ing'arishwe, na utashangaa.

Pili, umeme. Waya wa zamani na mahali pa athi penye kutu hunyima balbu nguvu. Volti ikipungua kidogo, mwanga hupungua sana. Mwambie fundi apime volti kwenye soketi ya balbu taa zikiwa zimewaka, si kwenye batri peke yake. Akikuta zinapotea njiani, asafishe athi, na ikibidi aweke rilei inayovuta umeme moja kwa moja kutoka kwa batri, pamoja na fyuzi yake.

Tatu, usidanganywe na wati 100. Balbu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9. Mbili za wati 100 zinavuta karibu 17. Waya na swichi ya gari la zamani havikuwekewa mzigo huo. Soketi itayeyuka, na ukiwa na bahati mbaya moshi utaanzia ndani ya dashibodi. Na kwa wenye malori: lori la volti 24 lina balbu zake. Ya volti 12 ukiiweka huko itaungua papo hapo.

Unapobadilisha, nunua mbili ubadilishe pande zote, kwa sababu ikiungua moja, mwenzake naye amezeeka. Soma herufi kwenye kitako cha balbu ya zamani, au ibebe mkononi uende nayo dukani. Usishike kioo cha ile mpya kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto sana mahali pamoja na balbu isidumu. Shika kitako, au tumia kitambaa safi.

Na usisahau nyuma. Balbu nyingi za nyuma zina wati 21 za breki na wati 5 za kawaida, na pini zake haziko sawa kimo ili ziingie upande mmoja tu. Ukiilazimisha, utakuta unatembea na mwanga wa breki muda wote, halafu ukikanyaga breki kweli hakuna anayejua.

Jambo la mwisho ni mzigo. Probox zetu zinabeba miraa, maji, watu na mbuzi. Nyuma ikilala, pua inainuka, na hata balbu halali inaanza kuangalia nyota. Ukijua utabeba, mwambie fundi ashushe taa kidogo.

Wenye maduka ya spea, nanyi mnahusika. Kijana akija kuomba "ile kali zaidi", muulize kwanza gari ni gani. Mafundi, mkiletewa LED za kuchomeka kwenye rifleta ya H4, mna haki ya kukataa. Hakuna askari anayeweza kusimama kila kilomita kutoka hapa hadi Moyale, kwa hivyo sheria ya kwanza lazima iwe sisi wenyewe.

Mimi LED zangu nilizitoa. Balbu mbili za kawaida, vioo kusuguliwa na athi mpya vilinigharimu chini ya hasara ya yale maziwa. Leo jioni jaribu hivi: simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, uwashe dimu. Ukingo wa mwanga ukae chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe, kama sentimita 5. Ukipanda juu ya hapo, au usipoonekana ukingo wowote, basi dimu yako si dimu, na kuna mtu wa boda mahali fulani ataifunikia macho.