Kodi yako ya Aprili isiingie Machi

Ukilipa kodi ya nyumba pale Tassia kwa simu, meseji inakujia na tarehe kama 3/4/25. Sisi huku tunasoma tarehe 3 mwezi wa nne, bila hata kufikiria. Marekani wanaanza na mwezi, kwa hivyo kwao hiyo ni Machi 4. Sasa tuseme programu ya ajenti wa nyumba imewekwa kimarekani. Pesa yako ya Aprili inaingia kwa hesabu ya Machi, na wewe unapigiwa simu uambiwe una deni.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Kuanzia tarehe 13 programu inakwama, maana hakuna mwezi wa 13, na mtu anashtuka mapema. Zile siku 12 za kwanza ndizo hupita kimya kimya. Na kodi watu hulipa lini? Wengi kabla ya tarehe 5. Yaani mpangaji analipa katika siku zilezile za hatari.

Kwa maoni yetu, mzigo huu si wa mpangaji. Ni wa aliyeunda mfumo, na kazi yenyewe si kubwa. Hifadhidata ina aina maalum ya tarehe. Aitumie hiyo, asiweke tarehe kama maneno tu. Ikiwekwa kama maneno, 10/4 hupangwa mbele ya 3/4, kwa sababu kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi. Tena aandike mwaka kwanza, 2025-04-03, ambayo haina njia mbili za kusomwa.

Saa nayo ina vituko vyake. Seva nyingi huhifadhi saa ya UTC, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Ukilipa saa nane usiku Mei 1, kwa seva bado ni Aprili 30. Mfumo lazima urudishe saa ya Nairobi kabla ya kuamua malipo ni ya mwezi gani.

Wewe mteja, usifute meseji. Ukiambiwa hujalipa, usibishanie tarehe: mpe ajenti nambari ya muamala aitafute, kisha mwombe akuonyeshe tarehe iliyoandikwa kwake. Uliza pia majirani wa ploti. Kama nao malipo yao yameruka mwezi, mwendeeni pamoja, adai mfumo urekebishwe kabla ya mtu yeyote kufungiwa nyumba.