Kwaya Ikirekodi, Nani Anarekodiwa?



Juma lililopita, baada ya Misa ya mazishi, kijana mmoja alinifuata mlangoni mwa sakristia. Mama yake, ambaye tulikuwa tumetoka kumzika, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chake kwa zaidi ya miaka ishirini. Kijana akaniambia, "Padre, usiku wa kuamkia leo nimeisikiliza CD ya kwaya tangu mwanzo hadi mwisho. Mama simsikii."

Nilitaka kumfariji kwa kusema kwamba katika kwaya sauti ya mtu mmoja humezwa na sauti za wengi. Lakini niliufahamu ukweli. Mama yule aliuza madebe mawili ya mahindi ili atoe mchango wake wa kurekodi. Alipanda basi alfajiri pamoja na wenzake hadi mjini. Walipofika studio, waliingia waimbaji sita tu, na wengine waliketi nje kwenye benchi hadi jioni. Picha yake imo kwenye jalada la CD. Sauti yake haimo.

Wapendwa, jambo hili si la kigango kimoja. Kuanzia Iringa, kupitia Mafinga na Makambako hadi Uyole na Mbeya mjini, kwaya zetu nyingi zimerekodi au zinajiandaa kurekodi. Nalifurahia jambo hilo, kwa maana kuimba kwao kunawafikia wagonjwa majumbani na wasafiri barabarani. Hata hivyo, naomba tutafakari pamoja: tunapolipa fedha za harambee ili kwaya irekodiwe, ni kitu gani hasa tunachokinunua?

Yatupasa kwanza kuielewa kazi ya studio. Studio nyingi ndogo ni chumba kimoja chenye sponji au magodoro ukutani, maikrofoni moja na kompyuta. Watu arobaini hawaenei humo. Basi mtayarishaji hutengeneza kwanza mdundo wa ngoma na kinanda ndani ya kompyuta. Kisha huwaita waimbaji mmoja au wawili wa kila sauti, wakavaa visikizi masikioni na kuimba juu ya mdundo ule. Huwarudisha mara nne au tano, na kila mara huipanga sauti mpya juu ya ile ya awali, hata watu sita wakasikika kana kwamba ni thelathini. Sauti ikipwaya, programu huirudisha kwenye noti. Iliyo mashuhuri kuliko zote, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997. Mvumbuzi wake, Andy Hildebrand wa Marekani, alikuwa mhandisi aliyechambua mitetemo inayopenya ardhini katika kazi ya kutafuta mafuta.

Simlaumu mtayarishaji. Hiyo ni sanaa halali yenye ufundi mkubwa, na mfanyakazi astahili ujira wake. Kwa mwimbaji wa peke yake, au kikundi cha vijana wanne, njia hiyo yafaa sana. Ninachosema ni kwamba kwaya ni kitu kingine. Kwaya ni watu wanaosikilizana. Mwenye sauti ya nne humsubiri mwenye sauti ya kwanza avute pumzi. Mzee aliyechelewa kidogo huvutwa na jirani yake. Ukiwaingiza sita kwa zamu, ulichorekodi ni waimbaji sita hodari. Kwaya umeiacha nje kwenye benchi.

Wako watakaodhani kwamba padre anazipinga mashine. La hasha! Kanisa halikuchelewa kuzitumia. Mwaka 1902, na tena mwaka 1904, mafundi wa kampuni ya Gramophone walipeleka mitambo yao Vatikano wakawarekodi waimbaji wa Kikanisa cha Sistina. Maikrofoni ya umeme ilikuwa haijaanza kutumika katika kurekodi santuri. Waimbaji walisongamana mbele ya pembe kubwa iliyoikusanya sauti yao na kuitetemesha sindano juu ya nta.

Hata huku kwetu, mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akiwa na gari lililobeba mitambo ya kurekodi, akanasa muziki wa makabila mengi, wakiwamo Wahehe wa Iringa. Jenereta yake aliiweka mbali, akavuta waya mrefu, naye akaishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza karibu na mwimbaji au chombo kilichohitaji kusikika. Rekodi hizo zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baadaye, katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilipiga kwa pamoja huku mkanda ukizunguka. Akikosea mmoja, wote walirudia.

Katika kazi zote hizo fundi alikuwa na jukumu moja kubwa: kuwapanga watu vizuri mbele ya chombo. Mwenye sauti kali alirudi nyuma hatua mbili, na mwenye sauti nyembamba akasogea mbele. Hakuna aliyeambiwa akae nje.

Njia hiyo ingali wazi kwetu, tena kwa gharama tunayoweza kuibeba. Mwiteni mtayarishaji aje kanisani badala ya kwaya kumfuata mjini. Pigeni kofi moja katikati ya kanisa tupu mkasikilize: mwangwi ukichelewa kufifia, tundikeni vitenge na mablanketi ukutani, na waalikeni waumini waketi kimya kwenye mabenchi, kwa sababu miili na nguo za watu hupunguza mwangwi. Kwayani mwenu mjipange nusu duara, kila sauti mahali pake. Mbele yenu, yapata mita mbili au tatu kutoka safu ya kwanza, zisimamishwe maikrofoni mbili zinazofanana, juu kidogo ya vichwa vya waimbaji. Mafundi wa redio ya Ufaransa walituachia kipimo kizuri: vichwa vya maikrofoni viachane sentimita 17, vikielekea kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 110. Umbali huo hukaribia ule ulio kati ya masikio yetu mawili, na ndiyo maana msikilizaji hujiona kana kwamba ameketi benchi la mbele. Ngoma na kayamba zikae nyuma. Kipimo cha sauti kisifike kwenye alama nyekundu hata pale mnapoimba kwa nguvu zote. Rekodi ya asili itunzwe katika faili la WAV, kwa kuwa MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti.

Msirekodi kati ya Novemba na Aprili. Mvua ya Nyanda za Juu Kusini ikinyesha juu ya bati, hapana programu itakayoiondoa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Walimu wa kwaya wataniambia, "Baba Paroko, tukirekodi hivyo makosa yetu yatasikika." Ni kweli yatasikika. Katika njia hii fedha hupungua, lakini mazoezi huongezeka. Kwaya isiyoweza kuimba wimbo mzima bila kukatisha haina budi kurudi mazoezini miezi mitatu. Nadhani hilo si hasara. Vijana nao watasema kwamba wasikilizaji wa leo wamezoea midundo ya kompyuta. Hilo pia ni kweli, na sina jibu la kuwaridhisha wote. Nawaambia tu kwamba mdundo ule mtausikia katika CD mia nyingine, lakini kwaya yenu haisikiki mahali pengine popote.

Lipo na jambo zito zaidi. Katika baadhi ya makanisa nimeshuhudia flashi ikichomekwa kwenye spika wakati wa Komunyo, wanakwaya wakichezesha midomo. Maagizo ya Vatikano juu ya muziki mtakatifu ya tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza waziwazi kutumia gramafoni, redio na vinasa sauti katika ibada za liturujia. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka kwaya zistawishwe, lakini waumini wote waweze kushiriki kwa kuimba. Tulifikaje kwenye flashi? Nadhani tulianzia studio. Kwaya iliyorekodiwa kwa sauti sita zilizonyoshwa na kompyuta huanza kuionea haya sauti yake halisi ya Dominika.

Namrudia yule kijana. Mwalimu wa kwaya alipekua simu yake, akapata rekodi ya mazoezi ya Kwaresima iliyopita. Ni rekodi mbaya: mvua inasikika juu ya bati, na mtoto analia. Kijana aliposikiliza, alimtambua mama yake kabla ubeti wa kwanza haujaisha, kwa kile kikohozi chake kidogo na namna alivyovuta silabi ya mwisho. Aliomba arudishiwe mwanzo. Tuliisikiliza mara tatu.

Kwa hiyo nazisihi kwaya za parokia yetu zinazojiandaa kurekodi baada ya mavuno. Kabla ya kukabidhi fedha za waumini kwa mtayarishaji yeyote, mwenyekiti na mwalimu wamuulize: je, wanakwaya wote waliochanga wataimba? Akijibu kwamba haiwezekani, mshukuruni kwa upole, kisha njoni tuzungumze juu ya kanisa letu, mablanketi na maikrofoni mbili.

Nawatakieni Dominika njema.