Mbolea Haiishii Shambani, Uliza Samaki

Wasee, ukienda City Market ama kwa mama samaki pale Kangemi, kitu cha kwanza unafanya ni kufunua shavu la samaki. Matamvua yakiwa mekundu, unalipa. Yakiwa ya kahawia, unaenda zako. Sasa mbona hatuulizi kama huyo samaki alikuwa anapumua vizuri akiwa hai?

Niliacha chuo, lakini hii sayansi haitaki digrii. Mvua ikinyesha, mbolea inasombwa hadi mtoni. Amonia ikizidi majini inaharibu matamvua: yanavimba, yanashikana, yanajaa ute. Naitraiti nayo inapitia hapo hapo kuingia kwenye damu, damu inageuka kahawia na haibebi oksijeni vizuri. Halafu mbolea hiyo hiyo inanenepesha mwani. Usiku mwani unamaliza oksijeni, ndiyo maana alfajiri samaki wanahema juu juu ya maji.

Cheki Kisumu. Mto Nyando unapita kwenye mashamba ya miwa kabla ya kuingia Ghuba ya Winam, na ghuba imejaa mwani na magugu maji. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba walipoteza samaki wengi sana, na maji kukosa oksijeni ndiyo sababu iliyotajwa.

Usiseme hiyo ni shida ya Kisumu. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, katikati ya mashamba, kisha unateremka hadi tao. Ukifika Gikomba tunalaumu maji taka na viwanda. Ni sawa tulaumu, lakini mto huanza kubeba mzigo huko juu.

Hapa Kenya mjadala wa mbolea ni bei tu. 2023 ilikuwa gunia la shilingi 2,500, 2024 ikawa mbolea feki. Inaenda wapi ikishamwagwa? Kimya.

Simlaumu mkulima. Anapewa gunia, hapewi kipimo cha udongo, so anakisia. Maoni yangu ni haya: ruzuku ya mbolea ije pamoja na kupima udongo, ili mtu aweke kile shamba linahitaji tu. Hata mfuko wake utashukuru. Na ile sheria ya kuacha mita 6 hadi 30 kando ya mto bila kulima ifuatwe, nyasi zikamate mbolea kabla ifike majini.

Samaki hawezi kuhama mtaa hewa ikiharibika. Na sisi ndio tunamla.