Kila mtu na redio yake, kila mtu na bosi wake

Wasee, kuna ugonjwa tunao hapa Kenya. Janga likitokea, watu wanatumwa mbio. Polisi wanafika, zimamoto wanafika, Msalaba Mwekundu wanafika, jeshi linafika, mheshimiwa anafika na kamera zake. Halafu kila kikosi kinaongea na watu wake tu.

Angalia Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, washambuliaji walikuwa wanne. Waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa polisi wachache wenye nguo za kiraia na raia wenye bastola za leseni. Baadaye kikosi cha Recce cha GSU kikaingia, kisha jeshi nalo likaja. Vikosi viwili vya nchi moja, ndani ya jengo moja, bila mkuu mmoja na bila redio za kusikilizana. Wakapigana risasi wao kwa wao, afisa wa Recce akafa, Recce wakatoka nje. Kitu kilichoanza Jumamosi mchana kiliisha Jumanne. Watu 67 waliuawa. Sisemi wote wangepona. Nasema yule afisa hakuuawa na gaidi.

Dawa ya serikali ilikuwa gani? Mwaka wa 2014 ikaipa Safaricom kandarasi ya karibu bilioni 15: kamera Nairobi na Mombasa, redio mpya za polisi, na kituo cha kuongozea kazi. Sawa, kamera zinasaidia. Lakini kituo cha matofali hakiendi mahali jengo limeanguka. New York walikuwa na chao, kizuri sana, ghorofa ya 23 ya jengo namba 7 la World Trade Center. Asubuhi ya 11 Septemba 2001 kikahamwa, na jioni jengo lenyewe likaanguka. Siku hiyo marubani wa helikopta za polisi waliona mnara umekaribia kuporomoka, wakatoa onyo kwenye redio yao. Zimamoto walikuwa ndani na redio tofauti. Walikufa 343.

Ninachotaka mimi ni gari. Lori ya kawaida tu, ama hata basi dogo, lenye mlingoti, sahani ya setilaiti, jenereta, na redio za kila kikosi zimeunganishwa pamoja, ndiyo wa zimamoto akiitisha ambulensi, dereva wa ambulensi asikie yeye mwenyewe.

Mtasema kila mtu ako na simu. Kwani mkiwa Kasarani uwanja umejaa, simu inaingia? Mnara mmoja unabeba watu wa kiasi fulani tu. Sasa weka mtaa mzima unapigia mamake simu kwa dakika moja. Na hata intaneti ikiwepo, grupu ya WhatsApp yenye watu 200 na voice note za dakika tatu haiwezi kuongoza uokoaji.

Lakini kitu cha maana zaidi ndani ya hilo gari ni kiti. Kiti kimoja. Anayekikalia ndiye anaamua nani aingie na nani asubiri, na mkubwa wa jeshi akifika na nyota zake anabisha mlango kama wengine. Dusit, Januari 2019, amri ilikuwa wazi zaidi: watu zaidi ya 700 wakatolewa na kesho yake asubuhi ikaisha, ingawa tulipoteza 21. Hapo ilikuwa Nairobi, Riverside. Je, ikiwa Mandera?

Najua kuna mtu anasoma hii na tayari ameona tenda. Ndiyo maana nasema gari lisiwe la kung'aa, na lisifungiwe kwa gereji likingoja siku ya maafa. Lipelekwe kwa Mashemeji derby, kwa mikutano ya siasa, kila wikendi, mpaka polisi na zimamoto wazoee kuitana kwa redio moja.

Wiki hii muulize MCA wako: ghorofa ikianguka kwetu saa nane usiku, bosi ni nani, na atakuwa amesimama wapi? Asikuambie ati "tutaunda kamati".