INJINIA SI MMOJA



Sisi watu wa gengi tumezoea kusema, "Injinia amekosa," kana kwamba injinia ni mtu mmoja ajuaye kila kitu. Neno hilo si sawa, tena latudhuru wenyewe, maana hatuwezi kupeleka shauri letu mahali panapofaa ikiwa hatujui nani ana kazi gani.

Katika kazi ya ujenzi wako mainjinia wa namna nyingi. Yuko injinia wa udongo, ambaye hupima ardhi kabla ya kitu chochote kuwekwa juu yake. Udongo mweusi wa Athi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na asiyeupima atajenga nyumba ya nyufa. Yuko injinia wa majengo na madaraja, ambaye hesabu yake ni uzito: chuma kiasi gani na saruji kiasi gani ili daraja lichukue mzigo wake. Yuko wa maji, apimaye mvua na mito, na yeye ndiye aamuaye kalvati liwe pana namna gani. Yuko wa njia, apangaye kona na mwinuko. Reli ya zamani, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina mizunguko mingi kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda mwinuko mkali. Yuko wa maji safi na maji machafu. Huyo asipofanya kazi yake, kipindupindu huingia mjini. Na yuko msimamizi wa ujenzi, ambaye huangalia kwamba kilichoandikwa katika ramani ndicho kinachojengwa.

Hawa wote wahitajiana, na mmoja akikosa, wengine wamefanya kazi bure. Tukumbuke Ngai Ndethya. Mwisho wa Januari mwaka 1993 mafuriko yaliharibu daraja la reli, na gari la abiria lililotoka Nairobi kwenda Mombasa likaanguka mtoni usiku. Watu zaidi ya 100 walikufa. Tukumbuke pia daraja la Sigiri huko Budalang'i, lililoanguka Juni 2017 kabla ujenzi wake haujakwisha.

Basi neno letu ni hili. Injinia wa maji ana hesabu za mvua, lakini mtu anayeona maji yakila tuta saa tisa za usiku ni mtu wa gengi. Twataka kila gengi liwe na kitabu cha ripoti, na kila ripoti ipelekwe kwa injinia wa kazi ile, naye ajibu kwa maandishi na kutia sahihi. Twataka pia, kabla ya kujenga daraja au kalvati, wazee wa gengi waulizwe maji yalifika wapi miaka iliyopita.

Wengine watasema mtu wa sururu hana la kumfundisha mwenye digrii. Sisi hatumfundishi hesabu. Twampa habari, na hesabu bila habari ni bure.

Lakini na sisi tuna kosa letu. Mara ngapi tumeona ufa tukanyamaza, tukisema nyapara anajua? Kitabu hakitasaidia ikiwa mikono yetu haitaandika.

Mwisho, tuwahimize watoto wetu, wavulana na wasichana, wasishindwe na hesabu. Kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mtu hawezi kujiita injinia bila kuandikishwa na Bodi. Njia hiyo ni ndefu, lakini haikufungwa kwa mtoto wa mtu wa gengi. Siku moja yule atakayejibu ripoti yetu atakuwa mtoto aliyelelewa kando ya reli, naye hatauliza maji hufika wapi, kwa kuwa ameyaona.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.