Jembe la trekta: pima udongo kabla ya kutoa feza

Mwezi huu tunasema na ninyi vijana mnaopata feza kidogo ya dhahabu huko Misisi ao Lugushwa, mkiwa na wazo la kurudi Nundu kulima kwa mashine. Wazo ni zuri. Shimo la dhahabu huisha, lakini shamba likitunzwa linalisha hata wajukuu. Lakini feza ya shimo ni ya jasho, na mashine isiyofaa udongo wako itaimeza mara moja. Basi tuongee juu ya plau, lile jembe la chuma linalokokotwa na trekta ndogo.

Plau inafanya nini? Ina kisu cha chini kinachokata udongo, na bamba lililopindika linaloupindua. Majani yanaingia chini, udongo wa chini unakuja juu, na nyuma yake unabaki mfereji mrefu unaoitwa mfuo. Acha shamba wiki mbili ao tatu, majani yaoze, ndipo usawazishe na kupanda. Mihogo na mahindi hupenda udongo laini namna hiyo.

Lakini si kila shamba linafaa. Kreseri hafungui shimo kubwa kabla ya kuosha mchanga kidogo katika karai. Wewe vilevile, chimba vishimo vitano ao sita hapa na pale, kila kimoja kina cha sentimita 30. Ukikuta visiki na mawe mengi, kisu kitagonga na kuvunjika. Hapo ng'oa kwanza, ao tafuta plau ya sahani za duara; zile huzunguka na kupanda juu ya kizuizi.

Tena tazama mlima. Sisi tuko kati ya ziwa Tanganyika na milima. Tambarare za kando ya ziwa na mito zinafaa trekta. Mteremko mkali haufai hata kidogo: ukipindua udongo pale, mvua inaupeleka ziwani, na trekta yenyewe inaweza kupinduka na kuua dereva. Mlimani, jembe la mkono lina kazi yake. Penye mteremko mdogo, lima kwa kukata mlima, si kwa kupanda na kushuka.

Sasa, ununue plau ya kadiri gani? Trekta ndogo ya nguvu za farasi 15 hadi 20 inatosha kuvuta kisu kimoja chenye kukata upana wa sentimita 25 hivi. Muuzaji atasema visu viwili ni kazi mara mbili. Usimsikilize. Trekta ile ni nyepesi. Magurudumu yatazunguka mahali pamoja, mafuta yataisha, na shamba bado halijalimwa. Uliza pia: kisu kikiisha, naweza kukifungua na kuweka kingine? Piyesi ziko Baraka ao Uvira? Fundi ni nani? Kama hakuna jibu, rudisha feza mfukoni.

Ukiisha kununua, fuata haya:

1. Shika udongo mkononi, ufinyange. Ukishikamana kama tope, ngoja ukauke kidogo. Ukiwa mgumu kama tofali, ngoja mvua ya kwanza ya Septemba. Udongo unaovunjika taratibu kati ya vidole ndio wa kulima.

2. Kina kiwe karibu nusu ya upana: kwa kisu cha sentimita 25, lima sentimita 12 hadi 15.

3. Kuanzia mfuo wa pili, magurudumu ya kulia yapite ndani ya mfuo uliotangulia. Hapo trekta inalala upande. Basi rekebisha plau isimame sawa na ardhi.

4. Nenda pole pole, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Gurudumu likiteleza, usiongeze mafuta. Punguza kina, ao ongeza uzito nyuma.

5. Plau nyingine zina boliti inayokatika ikigonga jiwe. Imekatika ili kuokoa plau. Weka nyingine ya namna ileile, usiweke chuma kigumu.

6. Mtoto asipande juu ya plau, hata kwa mchezo.

Na bamba lile lisipate kutu. Mwaka 1837, huko Illinois, Marekani, fundi wa chuma John Deere aliona wakulima wanasimama kila mara kukwangua udongo ulionata kwenye plau zao. Akachukua chuma cha msumeno uliovunjika, akatengeneza bamba laini sana, udongo ukateleza wenyewe. Kwako ni vilevile: jioni safisha bamba, lipake mafuta ya injini yaliyotumika. Bamba lenye kutu linabeba udongo, na trekta inachoka bure.

Mtu atasema: “Lakini baba, shamba langu ni dogo, nusu hekta tu.” Basi usinunue peke yako. Jamaa tano ao sita mnaweza kuweka feza pamoja na kuandika katika daftari nani analima siku gani, nani analipa mafuta, na nani analipa kisu kikivunjika. Andikeni mbele ya kununua, maana ugomvi wa mashine huvunja undugu kuliko jiwe linavyovunja kisu.

Kijana, feza ya dhahabu haikai mkononi. Juma hili chukua mpini, chimba vile vishimo vyako, uone udongo unasema nini. Tutaonana mwezi ujao.