Basketi ya vyuo vikuu Marekani: mlango wa kuhama uko wazi, lakini si kwa wote sawasawa

Kila mwaka, msimu wa basketi ya vyuo vikuu unapomalizika huko Marekani, msimu mwingine unaanza: ule wa kuhama timu. Wachezaji zaidi ya elfu moja wanaandikisha majina yao, makocha wanapiga simu usiku na mchana, na timu iliyotamba mwezi wa tatu inaweza kurudi uwanjani na sura mpya kabisa.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa kawaida mchezaji aliyehama alikaa mwaka mzima bila kucheza. Mwezi wa kumi 2018, NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo hivyo, lilifungua daftari la uhamisho kwenye mtandao. Mwaka 2021 liliruhusu kila mchezaji kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Mwaka 2024, baada ya kubanwa mahakamani, liliondoa kikomo kwa wale ambao masomo yao yanaendelea vizuri.

Kilichowasha moto zaidi ni pesa. Tangu tarehe 1 Julai 2021, mchezaji anaweza kulipwa jina na sura yake vikitumiwa katika matangazo. Na tangu Julai 2025, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wao: kwa mwaka wa kwanza, hadi dola milioni 20,5 kwa chuo kimoja, michezo yote pamoja.

Kwa Wakongomani, jambo hili lina sura ya Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Mwanzoni mwa 2021 aliacha West Virginia na kuingia Kentucky. Msimu wa 2021-2022 aliongoza Marekani nzima kwa ribaundi, wastani wa 15,1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Kwake, kuhama kulizaa matunda.

Lakini upande wa pesa, mambo yalikuwa magumu. Visa ya mwanafunzi inabana sana kazi za malipo ndani ya Marekani. Wenzake walitia saini mikataba nyumbani kwao. Yeye alitumia safari ya timu huko Bahamas, mwaka 2022, ili afanye matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Mgeni anaweza kuhama kama mwenyeji, ila hafaidi soko hilo kama mwenyeji.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye televisheni. Chuo kipya si lazima kikubali masomo yote ambayo kijana alikwisha kufaulu. Chuo cha zamani kinaweza kukata ufadhili baada ya yeye kujiandikisha kuhama. Na akikosa timu, mgeni anayeacha masomo anapoteza pia haki ya kubaki Marekani.

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika Georgetown 1987, akatoka 1991 na diploma mkononi kabla ya kuingia NBA. Nyakati zimebadilika, na hakuna sababu ya kuwafunga vijana kwa kocha mmoja. Hata hivyo, wachezaji wengi wa vyuo hawafiki NBA. Kwa hiyo mzazi wa Goma, Bukavu au Lubumbashi asiulize tu kwamba timu mpya inalipa kiasi gani. Aulize kwanza: masomo mangapi yatahesabiwa, ufadhili umeandikwa kwa miaka mingapi, na nani atashughulikia visa? Goti likiumia, majibu hayo ndiyo yatakayobaki.